Damu ya kiumbe tumboni inaanzia wapi: mwongozo kamili wa kuiona kwenye yai la kuku, halafu kuielewa kwa mamalia

Hili suala la damu inaanzia wapi linachanganya watu sana, na sio wanafunzi tu, hata sie tunaosomesha. Muulize mtu yeyote aliyemaliza form six damu inatengenezwa wapi, atakujibu uboho wa mifupa, sawa, kapata. Haya muulize tena, kiumbe akiwa tumboni wiki ya nne hana hata mfupa mmoja, damu anayo na moyo unapiga, hiyo damu imetoka wapi? Hapo kimya. Na hata akikwambia "kifuko cha kiini", kile kifuko kinachofunika kiini cha yai na hata mamalia wanacho, bado kajibu nusu, kwa sababu damu ya mwanzo na seli mama za damu ni vitu viwili, na havizaliwi pahala pamoja. Ukichoka kusoma njiani basi ondoka na hilo tu, mengine yote hapa chini yanatoka humo.

Nimewaandikia zaidi walimu wenzangu wa bayolojia hapa Pemba na vijana wa form five na six, ila hata mtu anayefuga kuku uani kwake anaweza kufuata. Tumbo la mamalia hatuwezi kulichungulia skuli, na panya wa maabara wenye mimba hatuna, lakini yai la kuku tunalo kila kijiji na hatua zake za mwanzo zinafanana na zetu vya kutosha, wenyewe mabingwa wa mambo haya walianzia hapo hapo kwenye yai. Kwa hivo kwanza tunaona kwa macho, halafu tunakaa na karatasi ya manila tunachora yale ambayo macho hayafiki.

Kwanza jua unachotafuta

Seli mama ya damu huijui kwa sura. Ukiiweka chini ya maikroskopu ni seli ya duara kama nyingine tu. Inajulikana kwa kazi yake: izae aina zote za damu, nyekundu, nyeupe na chembe sahani, ijizae na yenyewe ili isiishe, na iendelee hivo kwa muda mrefu. Mtihani wake ni huu, unachukua panya mzima unampiga mionzi mpaka uboho wake ufe, unamtia zile seli unazozishuku, halafu unasubiri miezi minne au zaidi. Ikiwa damu yake yote sasa inatoka kwenye seli ulizomtia, basi seli mama ilikuwemo. Ikiwa alipata damu wiki mbili tatu halafu ikakatika, ulimtia seli za kawaida za kupita njia tu.

Mtihani wa namna hii ulianzia Toronto, James Till na Ernest McCulloch mwaka 1961 waliona vivimbe kwenye wengu la panya waliopigwa mionzi na kutiwa uboho, na baadae ikathibitika kila kivimbe kimetoka kwenye seli moja. Shika sana hii habari ya mtihani wa kazi, kwa sababu ugomvi wote wa miaka ya baadae, wapi seli mama inazaliwa, ulitokana na watu kuona damu pahala fulani wakadhani wameshaona na chanzo chake.

Kutafuta mayai

Yale ya treya ya dukani usihangaike nayo, kuku wake hawajaona jogoo, utayatia joto mpaka yawe viza na hutoona kitu. Unataka yai la kuku wa kienyeji anayetembea na jogoo, na liwe la karibuni, siku tatu nne lisizidi wiki. Joto letu ndo adui hapa. Nyumba ya bati mchana inapita nyuzi 30 bila ya taabu, na kiinitete cha kuku, yaani kile kiumbe kichanga ndani ya yai, kinaanza kujikokota kukua ukishapita nyuzi ishirini na kitu, sasa kinakua kidogo, usiku kinasimama, mchana tena, mwisho kinakufa kabla hujakianza. Yaweke pahala pa baridi ndani ya nyumba, juu ya sakafu chini ya kitanda panatosha, friji usitie.

Ukienda kununua ueleze vizuri, usije ukapewa ya wiki tatu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, hujambo."

"Sijambo. Nataka mayai, lakini yawe ya juzi na jana, na jogoo awepo."

"Jogoo si yule anaparura pale. Ya kula au ya kuatamisha?"

"Ya kuangalia ndani, damu inavoanza. Kwa wanafunzi."

"Makubwa haya! Damu ya ndani ya yai si unakuja hapa nikuoneshe mie, mpaka skuli?"

Na kweli, hawa bibi zetu wanaofuga wanajua kulimulika yai na kukwambia hili lina kifaranga hili bure, kabla ya mwalimu hajafungua mdomo. Mkaribishe aje siku ya kufungua, darasa litakuwa zuri zaidi.

Chukua mayai kumi na mbili hivi, maana si yote yatakuwa na mbegu na mengine utayaharibu wakati wa kufungua, hilo halina aibu.

Kuyatia joto

Njia rahisi kuliko zote ni kuku mwenyewe anayeatamia. Unayatia alama kwa penseli, sio kalamu ya wino, unamuwekea usiku akiwa ametulia na yeye anajua kazi yake. Ubaya wake saa ya kuanza huiwezi sana na kuku mwingine mkali.

Njia ya pili ni boksi. Lile jeupe jepesi la kutilia barafu na samaki linafaa sana, lioshe tu lisinuke. Toboa mashimo madogo machache ubavuni na mfunikoni, tundika balbu ya wati 25 au 40 ya zile za zamani za waya, hizi za kisasa za kubana umeme hazitoi joto la maana. Weka kikombe cha maji kwa ajili ya unyevu, themometa ilale usawa wa mayai sio juu karibu na balbu, halafu liwashe boksi tupu kutwa nzima kwanza uone linatulia wapi. Unataka nyuzi 37.5 mpaka 38. Likizidi ongeza shimo, likipungua ziba shimo. Kupungua kidogo kunachelewesha tu, kuzidi ndo kunaua, nyuzi 40 kwa saa kadhaa na kazi imekwisha. Umeme ukikatika, na utakatika, tia chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa khanga halafu funika boksi na blanketi, saa chache hazidhuru.

Mayai yalaze ubavu, usiyasimamishe, na ubavu wa juu utie alama ya penseli, kwa sababu kiinitete kinaelea juu ya kiini na kitakuja kukaa chini ya hiyo alama. Kwa siku hizi chache hakuna haja ya kuyageuza geuza.

Sasa saa. Tuseme unataka kufungua Jumatano saa tatu asubuhi. Kundi la kwanza tia Jumapili asubuhi, la pili Jumatatu, la tatu Jumanne, na kila kundi litie saa mbili tatu kabla kwa sababu yai la baridi linachukua muda kupata moto. Jumatano utakuwa na mayai ya saa 72, ya saa 48 na ya saa 24 mezani kwa pamoja. Hapo ndo raha yenyewe, siku tatu za uhai umezipanga mstari mmoja.

Kufungua yai

Vitu: mkasi mdogo wenye ncha kama wa kucha, kibanio cha nyusi, seloteipu pana, bomba la sindano la mili 5 na sindano yake, bakuli dogo la kina, karatasi ya chujio (hata ya kuchujia kahawa), sahani ndogo ya kioo, na maji ya chumvi ya uvuguvugu, kijiko kimoja na robo cha chai kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa. Maji matupu usitumie, seli zinavimba na kupasuka.

Anza na la saa 72. Kwanza zima taa, weka tochi ya simu kwenye ncha nene ya yai, utaona kidoa cheusi na mishipa myekundu imetanda kutoka hapo, na ukituliza mkono utaona kidoa kinacheza. Yai lisilo na kitu linang'aa njano tu. Lirudishe limelala na alama juu, liache dakika ishirini litulie.

Bandika kipande cha seloteipu juu kwenye alama na kingine kwenye ncha nene. Toboa ncha nene kwa sindano, ielekeze chini, vuta ute mili 2 au 3 taratibu, ziba tundu. Usiruke hatua hii hata kidogo. Kiinitete kimegusa ganda pale juu, ukivuta ute kinashuka na kuacha nafasi, usipovuta ute, mkasi unakata mishipa na darasa zima linaona damu sio kwa namna uliyotaka. Sasa ingiza ncha ya mkasi kwenye seloteipu ya juu, iwe imelala karibu sambamba na ganda, kata mduara wa upana wa shilingi mia mbili, seloteipu inashika vipande vya ganda visidondoke ndani. Inua kidirisha.

Waache waangalie kwanza, usiseme kitu.

La saa 48 lipasue taratibu ndani ya bakuli lenye maji ya chumvi kama unavovunja yai la kukaanga, lakini karibu kabisa na maji. Kata karatasi ya chujio duara lenye tundu katikati, ilaze juu ya kiini tundu likizunguka kiinitete, subiri ishike kidogo, kata utando pembeni ya karatasi pande zote halafu nyanyua karatasi na kibanio, kiinitete kinakuja nayo. Ilaze kwenye sahani ya kioo, tia matone ya maji ya chumvi, iweke chini ya maikroskopu kwa lenzi ndogo kabisa. La saa 24 fanya vivo hivo ila liko laini zaidi, mara nyingi linachanika, ndo maana tumechukua mayai mengi.

Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada, mayai yana salmonela. Yai likishaanza damu halili mtu. Na usipitishe siku ya nne, mukimaliza viinitete vyote vitieni kwenye friza mpaka vigande, halafu muvifukie. Suala la kuwa inafaa au haifai litaulizwa na ni haki yao kuuliza, liko kwa wanafunzi wa chuoni (madrasa) kwetu huku kabla halijawa la bayolojia, mie huomba ustadhi wa skuli awepo na huwa ana mengi ya kusema kuliko mie.

Unachokiona, na usichokiona

Kwenye yai la saa 24 utaona duara jeupe na katikati mstari, huyo ndo kiumbe, na nje yake, mbali na mwili, kuna vidoavidoa kwenye ukingo. Hivo vidoa ndo visiwa vya damu, ndo jina lake hasa, na sie watu wa visiwani hatulisahau. Kila kisiwa ni kifungu cha seli za tabaka la kati, mesodemu, za nje zinajipanga kuwa ukuta wa mshipa na za ndani zinakuwa damu. Kwenye la saa 48 vile visiwa vimeshaungana kuwa mishipa, moyo unapiga, na ukingoni kuna mshipa mmoja unaozunguka kama mpaka. La saa 72 ndo limetanda vizuri, damu unaiona kwa macho inaingia na kutoka.

Angalia hasa jambo moja na uwaoneshe kwa ncha ya kibanio: damu ilianzia nje ya mwili wa kiumbe, juu ya kifuko kinachofunika kiini. Ndani ya mwili wenyewe saa 24 hakuna damu. Ukiwauliza darasa hapo hapo "haya seli mama za damu zinatoka wapi?" wote watanyoosha kidole kwenye kifuko. Na hilo jibu si la kijinga, wanasayansi wakubwa walilishika. Malcolm Moore na wenzake miaka ya 1960 walifanya kazi kwenye mayai ya kuku, halafu mwaka 1970 Moore na Donald Metcalf kule Australia wakachukua viinitete vya panya wakaviondoa kifuko mapema na kuvikuza nje, damu haikutokea. Wakasema basi, kifuko ndo chanzo, seli zinatoka huko zinahamia kwenye ini na uboho. Ikaingia vitabuni.

Usichokiona kwenye lile yai la saa 72 ni kwamba mgongoni mwa kiumbe, chini ya uti, kuna mshipa mkubwa wa aota, na ndani yake kwenye sakafu, upande wa tumboni, siku ya tatu na ya nne vinaanza kuota vifungu vidogo vya seli vimeng'ang'ania ukuta. Kwa maikroskopu ya skuli huvioni, vinataka kukatwa vipande vyembamba na kutiwa rangi. Kwa hivo hapa unasimama, unakunja vifaa, unatoa manila.

Jaribio la Ufaransa, lisome polepole

Mwaka 1975 Françoise Dieterlen-Lièvre alifanya jambo la akili sana na vifaa vyenyewe vinakaribiana na hivi vyetu, dirisha kwenye yai. Kiini cha seli ya kware (hapa sio kiini cha yai) kikitiwa rangi kina alama ambayo cha kuku hakina, kwa hivo ukichanganya seli za kware na za kuku unaweza kuzijua moja moja. Yeye akachukua mwili wa kiinitete cha kware, kabla mzunguko wa damu haujaunganisha mwili na kifuko, akaupandikiza juu ya kifuko cha kuku. Sasa una kiumbe mwili wake kware, kifuko chake kuku. Ukisubiri akue, seli za damu zitasema zenyewe zilikotoka.

Kama kifuko ndo chanzo cha seli mama, viungo vinavotengeneza damu vingejaa seli za kuku. Vilijaa seli za kware. Kifuko kilitoa damu ya mwanzo, kikafifia, na damu ya kudumu ikatoka ndani ya mwili. Mie katika mambo yote ya somo hili naliona hili ndo la kusomesha kuliko hata majina ya jeni, mwanafunzi akilifahamu hili kweli kweli mengine anayajaza mwenyewe.

Watu wakasema sawa, huyo ni ndege, mamalia je? Ilichukua muda. Mwaka 1996 Alexander Medvinsky na Elaine Dzierzak walichukua viinitete vya panya vya siku ya kumi, wakakata sehemu mbali mbali, kifuko peke yake, ini peke yake, na lile eneo linaloitwa AGM, yaani aota pamoja na chanzo cha tezi za uzazi na cha figo za muda (mesonefro). Kila kipande wakakilea peke yake siku mbili tatu ili kisipokee wageni kutoka kwengine, halafu wakafanya ule mtihani wa panya wa mionzi. Eneo la AGM ndo lilofaulu. Hapo sasa unaona kwa nini nilikwambia ushike ule mtihani, bila yake huwezi kutofautisha aliyezaliwa pahala na aliyefika jana. Ni kama kumkuta mtu Darajani, mjini Unguja, ana duka miaka kumi ukaandika ni mtu wa mjini, kumbe kazaliwa Micheweni huku Pemba.

Na mwaka 2010 watu waliona lenyewe likitokea, kwenye samaki wadogo wa mistari wanaopitisha mwanga na kwenye panya. Seli bapa iliyo ndani ya ukuta wa aota inajikunja, inajiviringa, inaachia jirani zake na kuchomoka, imeshakuwa seli ya damu. Seli hizo za ukuta zinaitwa endotheli inayozaa damu. Haigawanyiki kwanza ndo mmoja awe damu, ile ile iliyokuwa ukuta inageuka. Swichi yake kubwa ni jeni ya Runx1, panya wasiokuwa nayo wanakufa tumboni katikati ya mimba, damu ya mwanzo ya kifuko wanayo lakini ya kudumu hawana kabisa. Na jambo jengine la kupendeza, msukumo wa damu yenyewe ikipita juu ya ukuta ni mojawapo ya ishara zinazochochea hizo seli, kazi mbili za mwaka 2009 zilionesha hivo. Moyo lazima uanze kupiga kwanza.

Kuchora manila

Chora mstari wa mamalia, weka panya juu na binadamu chini, mimba ya panya siku 19 mpaka 20 kwa hivo usichanganye tarehe.

Panya: siku ya 7 na nusu visiwa vya damu kwenye kifuko. Siku ya 8 na kitu kifuko hicho hicho kinatoa wimbi la pili, seli zinazojua kuzaa damu ya aina kadhaa lakini hazijafika kuwa seli mama, na hizi ndo zinambeba kiumbe siku nyingi kuliko watu wanavodhani. Siku ya 10 na nusu seli mama za kweli kwenye aota, na kwenye mishipa mikubwa inayokwenda kifukoni na kitovuni. Ni chache mno, siku ya 11 ukipima eneo zima la AGM unapata kama moja tu kwa kiinitete, ndo maana ilichukua miaka kuzikamata. Kutoka siku ya 11 zinaonekana pia kwenye kondo la nyuma na kifuko, siku ya 12 zimeshatua kwenye ini, huko ndo zinaongezeka kwa wingi. Karibu siku ya 17 zinaanza kuingia kwenye uboho.

Binadamu: damu ya kifuko wiki ya tatu. Vifungu vya seli kwenye sakafu ya aota kuanzia siku ya 27 hivi, seli mama zenye kufaulu mtihani siku chache baada ya hapo. Ini linaanza kazi wiki ya sita hivi na ndo kiwanda kikuu miezi mingi ya mimba, uboho unaanza kidogo kidogo mwishoni mwa mwezi wa tatu, na unachukua uongozi karibu na mwezi wa saba.

Chora mishale ya rangi mbili. Nyekundu: pahala seli zinapozaliwa, yaani kifuko na aota. Buluu: pahala zinapohamia kuishi na kuzaana, ini, wengu kidogo, uboho. Kondo watu bado wanaliandika pande zote mbili, mwachie mwanafunzi alitie mstari wa vidoto. Wakikosea rangi ya ini usikasirike, kila mtu anakosea hapo kwa sababu ini limejaa seli mama tele, lakini zote zimefika kwa njia ya damu.

Hapa pia uwatahadharishe: kuku si panya. Ini la kuku halina hiyo kazi kubwa ya kulea damu, kifuko chake ndo kinaendelea kulea mpaka karibu na kuanguliwa. Na kifuko chetu binadamu hakina kiini cha kula ndani, ni kijifuko cha milimita chache tu, lakini kazi ya damu kimebaki nayo.

Maswali yatakayokuja

"Kwa nini kifuko kihangaike ikiwa seli mama zinatoka kwengine?" Kiumbe hawezi kusubiri. Moyo ukianza kupiga lazima kuwe na kitu cha kubeba oksijeni, na aota yenyewe haijawa tayari. Seli nyekundu za kifuko ni kubwa, zinaingia kwenye mzunguko zikiwa bado na kiini cha seli, na himoglobini yake ni ya kiinitete. Isitoshe kifuko kinaacha urithi wa kudumu, zile seli za ulinzi za ubongoni, mikroglia, zinatokana na kifuko na zinabaki maisha yote, hilo lilioneshwa kwa panya mwaka 2010. Kwa hivo mtu akiandika "kifuko hakitoi kitu cha kudumu" mkate maksi.

"Mtoto mwenye selimundu kwa nini anazaliwa mzima halafu anaanza kuumwa baadae?" Hili litaulizwa, nyumba nyingi zinalijua gonjwa hili. Damu ya mtoto anapozaliwa imejaa himoglobini ya mimba, ambayo kasoro ya selimundu haiigusi, sasa miezi ya mwanzo inapungua na ya ukubwani inachukua nafasi, karibu na miezi sita dalili zinaanza. Seli mama ni zile zile, kilichobadilika ni jeni gani ya himoglobini imewashwa. Mwanafunzi anayedhani mtoto anapata seli mama mpya akizaliwa mrudishe kwenye manila.

"Basi si watu watengeneze seli mama maabara, wagonjwa wasihangaike kutafuta mtu wa kuwachangia uboho?" Ndo sababu kubwa ya watu kufukuzana na hii aota miaka yote hiyo. Huwezi kuipika seli bila ya kujua ilivopikwa tumboni: mesodemu kwanza, halafu ukuta wa mshipa, halafu ule ukuta ugeuke. Waliojaribu kurukia damu moja kwa moja walipata seli za namna ya kifuko, zinafanya kazi siku chache zinakwisha. Mwaka 2024 kundi la watafiti wa Melbourne lilitangaza kuwa wamefuata njia hiyo kwa seli za binadamu zilizorudishwa utotoni, na seli walizopata zikakaa kwenye uboho wa panya na kuzaa damu kwa muda mrefu. Kwa panya, sio kwa watu bado, mwanafunzi akiandika kwamba dawa imeshapatikana muoneshe hapo alipozidisha.